Wasiwasi wa udhu na mbio ndefu: nakimbia mie au unakimbia ugonjwa?

FundiWete

Assalaam alaykum nyote.

Mie ni fundi cherehani, nipo Wete, Pemba, miaka 26. Mbio za masafa marefu huu mwaka wa tatu. Nina maradhi ambayo daktari ameyaita OCD, nyumbani tumeyajua siku zote kwa jina moja tu: wasiwasi. Wangu ni wa udhu, wa nia, na wa kuhesabu. Takbira moja naweza kuirudia mpaka imamu yuko kwenye rukuu na mie bado sijaingia kwenye sala. Nimeanzishiwa dawa ya fluoksetini, leo ni wiki ya sita.

Nilianza kukimbia kwa sababu nikiwa barabarani kichwa kilikuwa kinanyamaza. Mwaka wa kwanza ilikuwa raha tupu. Sasa hesabu imenifuata huko huko. Lazima nimalize kwa kilomita shufwa, nane, kumi, kumi na mbili, witiri haiwezekani. Lazima mguu wa kushoto ukanyage kivuli cha nguzo ya mwisho ya umeme kabla ya Bopwe. Na likinijia wazo baya kabla sijafika kwenye nguzo (mara nyingi ni kuwa mama anakufa), basi kilomita ile imeharibika, narudi nyuma naianza upya.

Ijumaa ya juzi nilitoka niende kilomita 18. Niliposimama saa ilikuwa inasoma 31. Na sikusimama kwa kutosheka, jua ndilo lililonisimamisha. Ugoko wa kulia unauma tangu siku ile, hata kukanyaga cherehani ni tabu.

Nataka mwakani nivuke nikakimbie maratoni, kilomita 42. Rafiki yangu ninayekimbia naye ananambia niache dawa zitanilegeza. Mama anasema niache mbio. Mie nimekaa katikati. Yupo humu anayeishi na kitu hiki na bado anakimbia?

Kahawa_Darajani

Pole kaka, na hongera kwa kusema. Mtafute Molly Seidel, Mmarekani. Mwenyewe ameeleza hadharani kuwa ana OCD na alikuwa na maradhi ya kula. Tarehe 7 Agosti 2021 alichukua shaba ya maratoni ya Olimpiki ya Tokyo, ile iliyopelekwa Sapporo kukimbia joto, kwa 2:27:46. Mbele yake walikuwa Wakenya wawili tu, Peres Jepchirchir na Brigid Kosgei. Na ilikuwa maratoni yake ya tatu maishani! Kwa hiyo kaza. Mbio ndiyo dawa yenyewe.

Mtu_wa_Kojani

Hayo hayana hospitali. Asomewe, anywe kombe (aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji) siku saba, na aangaliwe nani kamtilia jicho.

MwalimuWaWawi

Waalaykum salaam mdogo wangu. Nimekusoma nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la sita, nimeyaweka pembeni. Kesho watoto watanisamehe.

Mie ni mwanamke, miaka 43, nasomesha skuli ya msingi, nakaa Wawi. Wasiwasi ninao tangu nina 16, mbio tangu nina 31. 42 nimeimaliza mara nne, haraka kuliko zote ilikuwa saa nne na dakika arubaini na nane, usicheke. Kwa hiyo swali lako la mwisho jibu lake ni: yupo.

Tuanze na maji. Kwetu kulikuwa na kisima na pipa la udhu, linajaa kwa ndoo kumi na mbili. Mie peke yangu nikilimaliza kwa sala mbili. Magharibi ikiadhiniwa niko pipani, isha inanikuta pale pale, sijui mkono wa kulia nimeuosha au nimedhani nimeuosha. Vidole vilipasuka kama vya mpara samaki. Aliyekuwa akivuta maji ni marehemu baba. Hakunipiga hata siku moja. Ila jioni moja aliitua ndoo, akakaa kitako juu ya jiwe, akasema, "Mwanangu, wewe una wasiwasi, lakini mgongo wangu una yakini." Tulicheka wote wawili. Kisha nikaendelea kuosha.

Ndugu yangu wa Kojani, mie nimesomewa, na kombe la zafarani nimelinywa, na sikejeli. Nikisomewa nilikuwa napata utulivu, na mpaka leo nikiumwa napenda kusomewa. Ila yule mzee aliyekuwa akinisomea ndiye aliyenambia, mara ya tatu, "Binti, hili lako lina na upande wa hospitali. Nenda, mie nitakuombea ukiwa njiani." Nilichelewa miaka minane kumtii. Na nilipokwenda, mahali pa kwanza nilipewa vidonge vya usingizi nikaambiwa niolewe. Nikaolewa. Wasiwasi ukahamia nyumba mpya nami, na huko ukakuta bomba.

Aliyenifungua ni muuguzi mmoja, miaka kadhaa baadaye. Alinishikisha kitasa cha mlango wa choo, akanikalisha kwenye benchi, nisinawe. Hayo tu. Dakika kumi nilikuwa natetemeka. Dakika arubaini nimechoka. Baada ya saa moja na nusu nikaona njaa, na nikakumbuka kuwa sikuona njaa ya kweli miezi mingi. Nilimuuliza mara tisa kama kitasa kile ni kisafi, akakataa kunambia. Nilimchukia! Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kukataa kwake ndiyo tiba. Angenambia "kisafi", ningepona mpaka kitasa cha pili. Unalikabili linalokutisha, hukifanyi kile kitendo cha kujituliza, na hofu unaiacha ipande, ikae, ichoke yenyewe. Pamoja na dawa. Dawa nazitumia mpaka leo.

(Miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa naziacha kila Ramadhani, nikisema funga itanitosha. Kila Shawwal nikarudi pipani. Mwaka wa nne mume wangu akawa ananiwekea kidonge juu ya kikombe cha chai ya daku, hasemi neno.)

Mbio nilianza kwa ajili ya presha, si kwa ajili ya hili. Alfajiri baada ya sala, kutoka Wawi kuelekea Vitongoji, suruali ya michezo, kanzu fupi juu yake, mtandio umebanwa pini mbili. Mume wangu akinifuata na baskeli kwa nyuma, na siku za mwanzo watu wakauliza kama nimefukuzwa. Na mie kama wewe, kichwa kilinyamaza. Nilidhani nimepata dawa ya bure. Ukaja msimu wa karafuu. Unajua barabara inavyokuwa, majamvi ya kuanikia huku na huku, harufu mpaka kooni. Nikaanza kuyahesabu majamvi. Wiki ya kwanza kwa kujifurahisha. Wiki ya tatu nikawa nageuka nyuma kuhakikisha, na likitokea jamvi limekunjwa sijui nilihesabu au nisilihesabu, nasimama katikati ya njia kama ng'ombe.

Kwa hiyo hilo la nguzo ya Bopwe nalijua. Wasiwasi ukiufungia msalani unatokea jikoni, ukiufungia jikoni unavaa viatu.

Mie kipimo changu ni kimoja: je, leo naweza kukatisha? Sizungumzii kuchoka. Nazungumzia kusimama nikiwa na nguvu, mahali pasipo na maana yoyote. Kila Jumapili nasimama mbele ya banda la muuza mbatata, kama mita mia tatu hivi kabla ya kwetu, saa inasoma 13.6 au namba nyengine mbaya kama hiyo, natembea mpaka nyumbani. Mpaka leo, miaka yote hii, kifua kinabana hatua za mwanzo. Siku nyengine saa naiacha juu ya friji. Wiki nikishindwa kukatisha, najua anayekimbia si mie, na naenda kwa muuguzi mapema kabla halijakua. Imenitokea mara tatu katika miaka kumi na mbili.

Nguzo yako basi, ipite na mguu wa kulia. Au simama nguzo moja kabla. Na wazo la mama likija, usilifute kwa wazo zuri, usirudi nyuma kuisafisha kilomita. Lichukue, nenda nalo. Mama yako atakufa siku yake kama alivyokufa wangu, na kilomita zako hazikuandikwa kwenye daftari hilo. Najua maneno haya ni makali kuyasoma. Kwangu yalikuwa makali zaidi, kwa sababu mama yangu alifariki wiki ambayo "nilivunja" hesabu, na ilinichukua mwaka mzima na muuguzi yule yule kuacha kujiona mie ndiye niliyemuua.

Lakini hayo yote ni baada ya ugoko. Mfupa unaouma mpaka ukikanyaga cherehani si wa kukimbilia, ukaangaliwe, huenda una ufa. Usiombe ruhusa ya wasiwasi kupumzika, hautakupa.

Kahawa_Darajani, habari za Molly umezieleza vizuri, ila umeruka kituo kimoja. 2016 yule dada aliacha kuwania nafasi ya Olimpiki akaingia kwenye matibabu. Alisimama kwanza. Shaba ilikuja baada ya miaka mitano. Na hajasema amepona, amesema anaishi nayo. Ukimwambia kijana "kaza, mbio ndiyo dawa", na mbio zenyewe ndiyo zimeshaingiliwa, umempa ndoo nyengine ya maji.

La mwisho, nimalizie madaftari. Moshi, maratoni yangu ya kwanza, kilomita ya 27 hivi, tumeanza kupanda upande wa Mweka. Kijana mbele yangu alikanyaga dimbwi, maji yakanirukia mpaka magotini. Maji meusi, pembeni ya njia, na jirani pale pamefungwa ng'ombe. Mdogo wangu, miaka kumi nyuma ningekaa chini nilie. Nilisikia sauti ile ile ya pipani: hii najisi, viatu vimekwisha, mwili umekwisha, ukifika hotelini kitanda nacho kimekwisha. Nikaijibu kama nilivyofundishwa, kwa sauti, Mchagga mmoja aliyekuwa pembeni yangu akadhani nazungumza naye: "Huenda ni najisi. Huenda si najisi. Mie nakwenda." Akanijibu, "Twende, mama." Tukaenda. Kilomita tano nzima nilikuwa na hofu na miguu kwa pamoja. Halafu ikabaki miguu tu, na hiyo ilikuwa inauma vya kutosha.

Nesi_Mkoani

Mwalimu kaniachia kidogo. Mie ni muuguzi, nasema ya dawa tu.

Wiki sita ni mapema. Kwa OCD fluoksetini mara nyingi inahitaji wiki 8 mpaka 12 kabla hujaiona kazi yake, na kiwango mara nyingi huwa kikubwa kuliko cha mtu mwenye sonona. Huyo rafiki yako anataka uache wakati bado uko njiani. Usiikate mwenyewe. Ikikulegeza kweli, mrudie aliyekuandikia mzungumze habari ya kiwango au muda wa kuimeza. Na haimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, kama hilo nalo linakusumbua.

Mambo mawili wakimbiaji hawaambiwi. Hizi diklofenaki na ibuprofeni mnazonunua dukani kwa ajili ya magoti na ugoko, ukizichanganya na fluoksetini hatari ya kutokwa damu tumboni inaongezeka. Mwambie daktari kabla hujameza. La pili, fluoksetini inaweza kushusha chumvi ya damu, na mkimbiaji anayekunywa maji matupu lita kwa lita anaishusha zaidi. Kunywa kwa kiu, na katika mbio ndefu tia na chenye chumvi. Kichwa kikiuma, kichefuchefu, ukaanza kuchanganyikiwa, hapo usiongeze maji, tafuta msaada.

Ramadhani haina tatizo, inamezwa mara moja kwa siku, futari au daku.

Ustadh_Mchangani

Nimefurahi mwalimu ameuheshimu upande wetu. Niongeze kwa ufupi. Kwetu Mashafii tope la njiani ambalo mtu hawezi kuliepuka limesamehewa. Na hadithi mnaijua: aliyetia shaka kuwa udhu umemtoka akiwa kwenye sala, asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Yakini haiondoshwi na shaka. Kwa mwenye wasiwasi, wanazuoni wanasema aupuuze, hata nafsi ikimwambia sala haijatimia.

Na kuhusu hizo kilomita shufwa, kijana wangu, Mwenyezi Mungu ni witiri na anapenda witiri. Nakutania, lakini si mzaha wote.

MwalimuWaWawi

Ustadh, Allah akulipe. Na nakuomba jambo moja. Umejibu mara moja, inatosha. Akikufuata faragha kukuuliza mara ya pili, usimjibu. Mie nilikuwa na masheikh wanne, nikimaliza kwa huyu nakwenda kwa yule, wote wananipa jibu moja, na jibu halikai nami hata saa moja. Fatwa kwetu sisi inaweza kuwa pipa.

FundiWete

Nimesoma yote mara mbili (niliitaka mara nne, nimejizuia). Mwalimu, hapo kwenye "kama ng'ombe katikati ya njia" nimecheka peke yangu dukani, mteja akaniuliza kuna nini.

Kesho naenda hospitali na ugoko. Dawa siachi. Mama nimemsomea ulivyoandika habari ya mama yako, akanyamaza, kisha akasema nikuulize kama njia ya Vitongoji wanawake wengine wanaruhusiwa kukufuata. Nadhani anataka kutembea.

Ustadh, ahsante sana. Ila nina kitu kidogo hapo kwenye tope. Ikiwa tope lenyewe limechanganyika na maji yaliyopita zizini, na mtu kaona kwa macho yake kuwa yanatoka zizini, je, bado limesamehewa? Na kama alikuwa na kidonda kwenye ugoko?

Ustadh_Mchangani

Mwalimu ameshanifunga mdomo.

MwalimuWaWawi

Mama aje. Alfajiri ya Jumamosi, mbele ya banda la mbatata, aje na viatu vyepesi na mtandio usioteleza. Tutatembea, baskeli ipo ya kutulinda.

La zizi sikujibu. Wala Ustadh hakujibu. Tumekuona. Kaa nalo.

Ugoko ukipata ruhusa ya daktari, siku ya kwanza unakwenda kilomita ngapi?

FundiWete

Nne.

FundiWete

Mwalimu, umenyamaza.

FundiWete

Haya. Tatu.